Bwana Msa Baada ya Mzimu

Mpelelezi Bwana Msa, mvuta kiko wa Unguja, alizaliwa katika mashindano ya uandishi. Mswada wa Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ulishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya 1957–58, ukachapishwa kitabu mwaka 1960. Msomaji alipewa maiti, mzimu unaoogopwa, na mtu asiyeamini mizimu, na nguvu yote ya hadithi ilitoka katika mgongano huo.

*Kisima cha Giningi* (1968) kilirudi na mvutano huohuo wa akili na uchawi, na hakikupwaya. Kilichofuata kilibadilika. Katika *Duniani Kuna Watu* (1973) fumbo kubwa ni nasaba: nani mtoto wa nani. Uhalifu ukasogea pembeni, na aliyezoea kumsaka muuaji huenda alichoka na sadfa za ukoo, ambazo kwa kweli ni nyingi mno. Hata hivyo Kiswahili cha Abdulla hakikuchuja. Vitabu vya baadaye vinaishinda *Mzimu* kwa mazungumzo na mzaha, lakini kwa taharuki hakuna kilichoifikia.