Neno la leo: Gegedu

Kunja sikio lako. Kinachonyumbuka kati ya vidole ni gegedu: gumu kuliko nyama, laini kuliko mfupa. Papa na taa wameumbiwa kiunzi kizima cha gegedu, na uwezo wake huonekana vizuri mno kwa papa mmoja wa vilindini.

Wajapani humwita tenguzame, kwa jina la tengu, kiumbe wa ngano zao mwenye pua ndefu. David Starr Jordan alimweleza kisayansi mwaka 1898, kutokana na papa mchanga aliyevuliwa karibu na Yokohama. Rangi yake ya waridi ni damu inayoonekana kupitia ngozi.

Pua yake bapa ina vitundu vinavyohisi umeme hafifu wa mawindo gizani. Mwili ni tepetepe, wala si wa kukimbizana. Kazi hufanywa na mataya yake ya gegedu. Hayakushikamana na fuvu. Kano zinazonyumbuka huyashikilia, na windo likikaribia hufyatuka mbele kwa kasi inayofikia mita 3.1 kwa sekunde. Watafiti wa Japani walipima mwendo huo kwa picha za video, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Ni ajabu kweli: samaki mzito, mdomo wa mshale.