Hoteli ya Blue Posts, Thika: Kituo, Jiko na Baraza

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Murang'a na Nyeri, akifika ukingoni mwa mji wa Thika, huwa yu karibu na mahali ambapo mito miwili, Chania na Thika, huanguka kila mmoja kwa poromoko lake, kisha hukutana na kushika njia moja kwenda kuungana na Tana. Kati ya maporomoko hayo imesimama hoteli iitwayo Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908. Nia yangu si kuisifu nyumba hiyo, wala kusimulia habari za wenyewe walioimiliki. Nataka kutazama kazi ambazo nyumba moja ya njiani imepewa katika muda wa zaidi ya miaka 100, na maneno yaliyofuatana na kazi hizo. Maana mara nyingi neno hukumbuka jambo ambalo ukuta umekwisha kupakwa chokaa juu yake.

Kwanza jina. Masimulizi ya mahali hapo husema kwamba nguzo za nyumba zilipakwa rangi ya buluu ili zitambulikane mbali na nguzo za mazizi ya farasi. Nilipokuwa masomoni London nilishangaa kuona jina lilo hilo juu ya milango ya vilabu kadha vya pombe katika mtaa wa Soho, na tangu hapo sikuweza tena kuyasadiki masimulizi hayo peke yake. Yaelekea mtu aliyetoka Uingereza na jina tayari kinywani angeweza kabisa kuzipaka nguzo zake rangi ili zilifuate jina. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniandikia kuwa hoteli hiyo zamani ilikuwa posta. Nilimsahihisha, lakini sikumcheka: masikio hufanya kazi kwa yale yaliyomo katika lugha yake.

Kazi ya kwanza ya nyumba ilikuwa kituo. Neno hili latokana na kutua, yaani kushusha mzigo, nalo ni la zamani kuliko hoteli zote za bara. Wapagazi wa misafara walilitumia kabla ya reli. Kutoka Nairobi hadi Thika ni kilomita 40 na kitu, mwendo ambao sasa mtu huumaliza kabla gazeti lake halijaisha. Mwaka 1913 hivi, kwa gari la ng'ombe, ulikuwa safari ya siku mbili, kama asimuliavyo Elspeth Huxley katika kumbukumbu zake za utoto, The Flame Trees of Thika, zilizotolewa mwaka 1959. Masetla waliokwenda kutafuta ardhi ya kahawa na katani walihitaji mahali pa kulaza ng'ombe, kuoga vumbi na kuuliza habari za njia ya mbele.

Mwaka huo wa 1913 reli ndogo kutoka Nairobi ilifika Thika. Katika karatasi za serikali iliitwa tramu, kwa sababu fedha za kujenga reli zilikuwa ngumu kupatikana London. Hila ya msamiati ambayo wanaisimu tungeifurahia kama isingalikuwa ya kodi za watu. Tangu hapo Thika ikawa mji, na hoteli ikawa si kituo cha lazima tena. Ilipata kazi ya pili: baraza ya masetla wa jirani, mahali pa kuzungumza bei ya kahawa, na uhaba wa vibarua, na mvua.

Hapa ndipo penye shida ya historia yetu. Kitabu cha Huxley kimetazama kutoka ukumbini, tena kwa macho ya mtoto. Waliokuwa jikoni hawakuandika kitabu. Katika hoteli za masetla desturi ilikuwa moja: Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, kama mpishi, boi, dobi au saisi, na kuanzia mwaka 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alipaswa kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Basi tuwatafute wapi watu hao? Mimi nasema tuwatafute katika lugha, maana huko waliacha alama, ijapokuwa alama hiyo hutajwa kwa dharau.

Lugha iliyopita kati ya ukumbi na jiko katika nyumba za namna hiyo ni ile tuliyozoea kuiita Kisetla. Haina upatanisho wa ngeli, kitenzi chake kipenzi ni amri, husema, "Wewe kuja, leta kitu ile." Wataalamu wa Kiswahili Sanifu, tangu Kamati ya Lugha ilipoanzishwa mwaka 1930, waliiona kama ugonjwa. Twasahau kwamba boi wa Kikuyu au wa Kikamba aliyejibu kwa lugha hiyo alikuwa na lugha yake kamili yenye ngeli nyingi, wala hakuwa na haja ya kufundishwa upatanisho. Aliuacha mlangoni kwa sababu aliyemwamuru hakuuweza. Kilichovunjika hapo si uwezo wa mtumishi.

Chukua neno moja tu. Mtoto aliyesaidia kazi za jikoni aliitwa "toto". Setla aliondoa kiambishi kwa uvivu wa ulimi. Lakini katika sarufi yetu kukiondoa ni kukuza, na toto ni mtoto mkubwa kupita kiasi. Kijana mwembamba aliyebeba kuni tangu alfajiri aliitwa jitu kila siku bila mwitaji kujua. Sidhani kuwa wenziwe jikoni hawakulicheka jambo hilo.

Miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, yataka makala yake yenyewe, nami naiacha. Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, mlango wa mbele ulikuwa umekwisha kubadili maana. Watoto wa wale waliobeba trei wangeweza sasa kukaa na kuletewa. Hili ndilo geuzo kubwa kuliko yote katika historia ya nyumba hiyo, wala halikuhitaji jiwe hata moja kuhamishwa.

Neno lenyewe liligeuka pia. Katika Kenya ya leo "hoteli" kwanza ni mahali pa kula: kibanda chenye chai, mandazi na maharagwe ni hoteli, na mtu atakaye kulala huulizia loji au gesti. Wengine huhesabu hilo kuwa kosa. Mimi naona kuwa watu waliochukua neno kutoka nyumba ambazo hawakuruhusiwa kulala walichukua sehemu waliyoijua, yaani jiko. Ni dhana, nami niko tayari kupingwa, lakini yaeleza zaidi kuliko kusema kwamba watu hawakuelewa Kiingereza.

Barabara kuu ya Thika, yenye njia nane, ilifunguliwa na Rais Kibaki mwezi wa Novemba mwaka 2012. Kwa hesabu ya kawaida ilipaswa kuimaliza kabisa nyumba ya njiani, kwa kuwa safari ya siku mbili sasa ni ya chini ya saa moja. Imekuwa kinyume. Watu hutoka Nairobi asubuhi kwa ajili ya hoteli yenyewe: nyama choma, arusi, mkutano wa kikundi, picha penye maporomoko, na jioni hurudi kwao. Miongoni mwao wengi hawaendi Nyeri wala Murang'a. Kituo kimekuwa mwisho wa safari, na watu wa Jumapili hawasemi tena "tulipitia Blue Posts". Husema, "Tulikwenda."