Mzigo Ulioshuka Begani: Usukani wa Baiskeli Katika Njia ya Misafara

Fundi aliutazama usukani wangu mara moja tu, akatikisa kichwa.

"Huu wa mashindano, mwanangu. Si wa safari."

Nilikuwa nimemfuata chini ya mwembe wake hapa Tabora mjini, nikiikokota baiskeli ya mtumba, ya gia, nyepesi, yenye usukani wa chuma kimoja kilichonyooka kama mpini wa jembe. Asubuhi ile nilikuwa nimeipanda hadi Kwihara kuliona tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872, nikarudi. Safari yenyewe haifiki kilomita 20. Lakini nilirudi viganja vimekufa ganzi, shingo imekakamaa, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakihisi kitu.

"Mzee, baiskeli yenyewe nzima," nilijitetea.

"Nzima. Ila inakulaza. Huku mtu halali juu ya baiskeli, anakaa."

Akaingiza mkono kwenye gunia la vyuma vikuukuu, akachomoa usukani uliotoka kwenye Phoenix iliyokwisha kufa. Nikeli yake ilikuwa imebanduka, kutu imeanza kula pembeni, lakini umbo lake halikupotea: unatoka katikati, unapanda kidogo, unatanuka, halafu unageuka na kumrudia mwendeshaji, kama pembe za ng'ombe zilizoamua kumtazama mchungaji wake. Umbo hilo nimelikuta kwa wauza mkaa, wauza samaki, warina asali, walimu wa shule za msingi na wazee wanaokwenda kanisani na msikitini. Nikaanza kujiuliza limefikaje hapa, na kwa nini limekaa muda wote huu wakati baiskeli za kwingineko zimebadilika.

Jibu, nadhani, linaanza kabla baiskeli haijabuniwa.

Neno mtumba leo tunalitumia kwa nguo na vyombo vilivyokwisha kutumika Ulaya na Asia. Katika karne ya 19, kwenye njia inayotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mtumba ulikuwa mzigo wenyewe: jora za nguo zilizoviringishwa na kufungwa kamba hadi zikawa ngumu kama gogo, kwa kipimo cha kumtosha mpagazi mmoja. Kwa kawaida mzigo wa mtu mmoja ulikuwa pauni 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilikwenda bara, pembe za ndovu zikaenda pwani. Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi kwa kazi hiyo, na vijana wao walianza kuizoea mapema kwa kubebeshwa pembe ndogo. Tena walikuwa na mtindo wao. Watu wa pwani wengi walijitwisha kichwani. Mnyamwezi alipenda kuweka mzigo begani, mgongo ukiwa wima, macho mbele.

Kutoka pwani hadi Tabora ni kilomita zipatazo 800. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipoingia Kazeh, katika Unyanyembe, eneo la Tabora hii ya leo, Novemba 7, 1857, walikuwa katika siku ya 134 tangu waondoke pwani. Majina yao yameandikwa kwenye vibao. Mabega yaliyowafikishia vyombo vyao hayakuandikwa popote, na hilo linaniuma kila nipitapo njia ile ya misafara.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwenye njia kuu bega likapumzika. Lakini reli huishia stesheni. Kutoka stesheni hadi Sikonge, hadi Ulyankulu, hadi msituni ambako nyuki wamo, ilibaki njia ya miguu, nyembamba, yenye mchanga mwingi kiangazi na tope masika. Hapo ndipo baiskeli ilipopata kazi.

Baiskeli tunayoijua, yenye magurudumu mawili yanayolingana na cheni inayovuta gurudumu la nyuma, ilitengenezwa na John Kemp Starley mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye, mjini Belfast, John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo. Baada ya hapo viwanda kama Raleigh cha Nottingham, Humber na BSA vilitoa baiskeli nzito za chuma zilizosafirishwa kwa meli kwenda kila pembe ya himaya ya Waingereza. Usukani wake uliopinda kurudi nyuma, wenyewe wanauita North Road, kwa jina la barabara ya kutoka London kwenda kaskazini iliyopendwa na waendesha baiskeli wa zamani. Baada ya Tanganyika kuwa chini ya Waingereza, baiskeli hizo hizo ndizo zilizojaa katika maduka ya Wahindi. Kijana aliyekwenda kukata mkonge Tanga au Morogoro alirudi akiwa na ndoto ya vitu vichache tu, na baiskeli ilikuwa miongoni mwa vile vya kwanza.

Sasa tuitazame kwa karibu, maana siri moja imo kwenye breki. Baiskeli zile hazikuwa na waya za breki. Zilikuwa na fito za chuma. Vishikio vya breki vililala chini ya usukani, sambamba nao, vikashikwa na vikuku vilivyounganishwa kwenye usukani wenyewe. Ukivivuta, fito inapanda, na chuma chenye umbo la kiatu cha farasi kinainua mipira miwili kuikandamiza rimu kutoka ndani. Fito nyingine inashuka kwenye fremu hadi gurudumu la nyuma. Kwa hiyo usukani na breki ni kitu kimoja. Huwezi kuung'oa usukani ule ukaweka wa umbo jingine bila kuvunja mfumo mzima. Kule Ulaya, waya ziliposhika nafasi ya fito, usukani ukawa huru kubadilika kwa kila msimu. Huku fito zikabaki, kwa sababu ukiwa umbali wa siku nzima kutoka dukani, fito iliyopinda huinyosha kwa jiwe, lakini waya ukikatika umekatika.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mzigo.

Chukua debe la bati, lile lililokuwa la mafuta ya taa, la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Lijaze asali ya misitu ya miombo. Asali ni nzito kuliko maji kwa kiasi cha mara moja na nusu pungufu kidogo, hivyo debe moja linafika karibu kilo 26. Huo ni mzigo wa mpagazi, kasoro kilo chache. Mrina asali anayetoka porini na madebe matatu, moja juu ya karia na mawili pembeni, amebeba kazi ya watu watatu wa karne ya 19.

Uzito huo wote uko nyuma. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linataka kuruka, na usukani unacheza mkononi kama mkia wa samaki. Mwenye usukani wa kunyooka hulazimika kuinama mbele, mikono imetanuka, na akiingia mchangani hana pa kujishikia kwa nguvu. Mwenye usukani wa kurudi nyuma anakaa wima, viwiko vimekunjika kidogo karibu na mbavu, na viganja vinatazamana kana kwamba amebeba ndoo mbili. Anavuta, hasukumi. Mchanga ukimshinda, anashuka na kutembea pembeni, mkono mmoja kwenye kishikio kilichomjia mpaka ubavuni, mwingine kwenye tandiko au kwenye mzigo. Nimewatazama wakipanda kilima hivyo. Miili yao haipindi.

Na baiskeli yenyewe ilitengenezwa kwa mkao huo. Magurudumu ya inchi 28, foki iliyolala mbele, tandiko pana lenye springi mbili kubwa: vyote vinadhani uzito wa mtu uko kwenye makalio. Ukiweka usukani wa chini kwenye baiskeli ya namna hiyo, tandiko linakosa kazi na viganja vinabebeshwa kifua. Hapo kwenye kiganja, upande wa kidole cha mwisho, unapita mshipa wa fahamu. Ukiuegemea saa nzima kwenye njia ya makorongo unapata ganzi niliyoipata mimi.

Majina yaliyoandikwa kwenye fremu yamebadilika. Baada ya uhuru na Azimio la Arusha tukawa na kampuni yetu ya umma, NABICO, iliyotengeneza baiskeli Dar es Salaam. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, zikaja kwa wingi Phoenix za Shanghai, na Hero na Avon za Ludhiana, India. Mchina na Mhindi walikuwa wameiga baiskeli ya Mwingereza, na mteja wa Unyamwezi hakuwaomba wabadilishe usukani. Wakenya wanaiita baiskeli hiyo hiyo Black Mamba. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilibeba abiria wa kuvuka mpaka na kuzaa jina bodaboda. Hata chukudu ya Goma, Kongo, ambayo karibu yote ni mbao na haina hata pedeli, seremala wake huiwekea mikono mirefu ya mti iliyoinuka, kwa sababu ileile ya kubeba magunia.

Kwetu huku, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Tabora, baiskeli za abiria zilichukua jina la daladala. Mwendeshaji alishona mto wa sponji juu ya karia, akaongeza vikanyagio vya abiria, na usukani ndio akaufanya uso wa biashara: kioo kila upande, kengele inayong'aa, riboni za plastiki zikipepea kwenye vishikio. Mama mwenye mtoto mgongoni angeweza kukaa upande, ameshika tandiko, na dereva akabaki wima mbele yake kama nguzo. Pikipiki ziliporuhusiwa rasmi kubeba abiria mwaka 2010, kazi hiyo ikapungua sana. Angalia lakini pikipiki yenyewe: usukani umeinuka, umepinda kumrudia dereva, mgongo wake wima.

Narudi kwa fundi, maana aliyonifundisha kwa saa moja yanamfaa yeyote mwenye baiskeli ya mtumba uani.

Kwanza alipima shingo ya usukani, kile chuma kinachozama ndani ya fremu. Baiskeli za zamani nyingi zina bomba la foki lenye inchi moja kwa nje, na shingo inayoingia humo ina unene wa milimita 22.2. Baadhi ya baiskeli za gia zina tundu kubwa zaidi, na hapo usukani wa Phoenix utalegea daima hata ukaze vipi. Yangu ilikuwa ya inchi moja. Akalegeza bolti ya juu mizunguko michache, akaweka kipande cha mti juu yake na kugonga kwa nyundo. Ndani kule, chuma kinachobana kikashuka, na shingo ikatoka kwa mkono.

Alipoingiza ile ya zamani, nilimwomba aiinue kadiri inavyowezekana. Akakataa. "Ukiitoa sana itakatika siku una mtu nyuma." Alihakikisha vidole vinne vya shingo vimebaki ndani ya fremu. Akanipandisha, akashika baiskeli, akaniambia nifumbe macho na kunyoosha mikono pale inapotaka kwenda yenyewe. Ilifika kwenye vishikio, viwiko vikiwa vimelegea. Akageuza usukani kushoto na kulia kuona kama ncha zinagonga magoti. Upande wa kulia ziligusa kidogo. Akauzungusha usukani juu kwa kiasi cha unene wa kidole.

Kisha tukakwama. Vishikio vya breki vimerudi nyuma, na waya zangu zikawa fupi. Ilinibidi niende dukani kununua ndefu, za mbele na za nyuma, pamoja na mipira yake. Anayekusudia kubadilisha usukani na azinunue kabla.

Mwisho alilibana gurudumu la mbele katikati ya magoti yake, akaushika usukani kwa mikono miwili na kuunyonga kwa nguvu zake zote. Haukusogea. Akaongeza robo mzunguko wa spana, akaujaribu tena.

Nilimuuliza atafanya nini na ule wa kunyooka. Nilidhani atautupa kwenye gunia. Pembeni yake ilikuwa imesimama Hero ya mrina asali, imeletwa kurekebishwa karia iliyovunjika. Alichukua usukani wangu, akaupima kwa kiganja, akaulaza kimkingamo juu ya karia ile na kuufunga kwa vipande vya mpira wa tyubu, akikaza kila fundo kwa meno. Ulienea vizuri, na ncha zake zikatokeza kila upande sawasawa, tayari kuning'inizia madebe.