Ulaya haina Mlaya

Chiungutwa iko wilaya ya Masasi; Paris iko Ulaya. "Wilaya" na "Ulaya" ni ndugu, yote yametoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya eneo lenye mtawala. Irabu u ya Ulaya inafanana na ile ya Urusi au Ureno, lakini Mrusi na Mreno wapo, Mlaya hayupo. Ni dalili kwamba neno hili halikutaja nchi ya kabila fulani, bali kule kote kwa wakubwa. Ndiyo maana mtu akirudi kutoka likizo huko husema "Ulaya kuna baridi", kana kwamba Lisbon na Moscow ni mtaa mmoja, ilhali hata Newala na Masasi zilizo jirani hazivai sweta siku moja.

Utasema Wazungu nao hutuita "Afrika" tu. Kweli, ila kosa la jirani si kibali. Salim bin Abakari, aliyesafiri miaka ya 1890, alisimulia Urusi na Siberia kwa majina yake. Martin Kayamba, aliyekwenda London mwaka 1931, alikiita kitabu chake Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Waliokwenda kwa meli walitaja nchi. Anayekwenda kwa ndege ana udhuru gani?