Kipakatalishi kikizubaa: Jinsi ya kutambua sehemu yenye hitilafu

KIPAKATALISHI kinapoanza kujikokota, aghalabu lawama huangukia virusi. Hata hivyo, katika miji yenye vumbi na joto kama vile Kitengela na Kajiado, yamkini kiini cha tatizo kikawa ni kifaa chenyewe. Kulibaini tatizo kabla ya kumwendea fundi humwepushia mwenye mashine gharama zisizo za lazima, na wakati mwingine huokoa kazi zake zote zilizohifadhiwa humo.

Hatua ya kwanza ni kunakili hati muhimu kwenye diski ya nje. Iwapo diski kuu ndiyo inayokufa, kuendelea kuitumia kwaweza kuimaliza kabisa.

Kisha, katika mashine inayotumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Jedwali litajitokeza likionyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski. Fungua programu unazozitumia kila siku, halafu utazame takwimu hizo.

Kumbukumbu ikikaribia kujaa, mashine hulazimika kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Mashine yenye gigabaiti 4 hulemewa upesi. Kuiongeza hadi 8 huleta nafuu. Uliza kwanza kama inawezekana, kwa kuwa katika baadhi ya mashine nyembamba kumbukumbu imelehemiwa kwenye ubao mkuu.

Diski ikisalia kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu ilhali hakuna kazi kubwa inayoendelea, ishuku. Diski ya kuzunguka ikitoa sauti ya kugonga-gonga, izime mara moja. Ikiwa ni nzima ila ni ya kale, kuibadilisha kwa diski ya SSD, isiyo na sehemu zinazozunguka, huleta tofauti kubwa.

Mashine ikianza vyema kisha ikazubaa huku feni ikivuma, chunguza joto. Prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Vumbi lililoziba matundu lapasa kuondolewa mashine ikiwa imezimwa, nayo isitumiwe juu ya blanketi.

Usisahau chaja. Baadhi ya mashine hupunguza kasi zikipewa chaja yenye wati pungufu. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye chaja asilia. Betri iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa, kwani yaweza kushika moto.

Vipimo hivi vyote vikiwa sawa, tatizo huenda likawa katika programu.

Kabla ya kununua vipuri, fahamu pia kwamba Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Mashine isiyoweza kupokea toleo la 11 huenda isistahili gharama kubwa. Na ukimwachia fundi kazi, mwombe akurejeshee kila sehemu aliyoiondoa.