Misimu, Hiari na Msomaji: Historia ya Matini Mbili za A Clockwork Orange

Makala haya yanachunguza jinsi historia ya uchapishaji wa riwaya ya Anthony Burgess, A Clockwork Orange, ilivyoathiri mjadala kuhusu misimu na hiari ya binadamu. Riwaya hiyo ilitoka London mwaka 1962. Msimulizi wake Alex, kijana wa miaka 15, huzungumza Nadsat, misimu iliyobuniwa na mwandishi kwa kutegemea zaidi Kirusi. Jina hilo linatokana na kiambishi tamati kinachounda majina ya namba 11 hadi 19 katika lugha hiyo.

Burgess hakutaka faharasa. Msomaji hung'amua kwa muktadha kwamba "droog" ni rafiki na "moloko" ni maziwa. Afikapo mwisho, amekwisha kufunzwa msamiati ambao hakuomba kufunzwa. Mwandishi mwenyewe alilihesabu hilo kuwa namna ya kutiwa kasumba. Serikali nayo inamdunga Alex dawa ya kichefuchefu na kumlazimisha kutazama filamu za ukatili, hata asiweze kutenda uovu. Kasisi wa gereza ndiye anayehoji iwapo wema usiochaguliwa ni wema.

Toleo la Marekani la 1963 liliondoa sura ya 21, na matoleo ya huko yakaongezewa faharasa. Katika sura hiyo Alex anauchoka ukatili kwa kukua tu, bila kulazimishwa. Bila sura hiyo, hadithi inaishia pale anaporejewa na hamu ya ukatili. Filamu ya Stanley Kubrick ya 1971 ilifuata mwisho huo mfupi. Hivyo, kabla sura hiyo haijarejeshwa Marekani katika miaka ya 1980, wasomaji wa pande mbili za Atlantiki walijadili hiari kwa kutumia matini zenye majibu tofauti.

Sura iliyoachwa ina ushahidi muhimu wa kiisimu: Alex anauacha ukatili huku bado akisimulia kwa Nadsat. Misimu haikumfanya mwovu, wala kubadilika kwake hakukuhitaji lugha nyingine. Hata hivyo, mmoja wa madaktari wake anaitafsiri misimu hiyo kuwa propaganda iliyopenyezwa akilini, asiione kasumba iliyomo katika tiba yao wenyewe. Mshauri wa sera anayeelekea kuihukumu lugha ya vijana kuwa chanzo cha uhalifu hana budi kujiuliza kwanza ni nani hasa anayemnyima kijana uwezo wa kuchagua.