Karanga za Nachingwea: Shauri Lisilojaribiwa

Msafiri atokaye Lindi kwenda Nachingwea hii leo hapiti kwa garimoshi, kwa maana reli iliyojengwa huko iling'olewa zamani. Akifika atasikia wenyeji wakitaja mahali paitwapo Farm 17, jina la Kiingereza katikati ya majina ya Kimwera. Jina lenye namba halikosi kueleza jambo: mtu ahesabuye mashamba yake hata kufika la kumi na saba alikuwa na nia ya kuhesabu mengi zaidi. Mashamba hayo yalikuwa sehemu ya Mpango wa Karanga, ambao Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka wa 1947 na kuuacha mwaka wa 1951, baada ya hasara ya pauni milioni 36 hivi.

Habari za kushindwa kwake zimesimuliwa mara nyingi kwa kicheko. Lakini kicheko hakifundishi. Swali lenye faida ni hili: ilikuwaje watu wenye elimu, wenye fedha na wenye nia njema wakakubali shauri ambalo lingeweza kupimwa kabla ya kutendwa, nao wasilipime?

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na chakula chao kiligawanywa kwa kadi. Mwezi wa Machi, 1946, Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipeleka kwa serikali shauri la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Mwezi wa Juni walitumwa watu watatu kutazama nchi, wakiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walikaa Afrika ya Mashariki muda wa wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya nchi waliiona wakiwa ndani ya ndege. Mwezi wa Septemba taarifa yao ilikuwa tayari: eka 3,210,000 zifyekwe, zigawanywe katika mashamba 107, kila moja eka 30,000. Themanini yawe Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Katika Tanganyika sehemu kubwa ilipangiwa Jimbo la Kusini. Baadaye John Strachey, Waziri wa Chakula, aliutangaza mpango huo.

Si haki kusema kwamba haukuchunguzwa. Makaratasi yalipita mikononi mwa wakubwa wengi, na hesabu zilijumlishwa na kutolewa tena na tena. Lakini waliochunguza walichunguza hesabu, wala hawakuitikisa misingi ambayo hesabu ilisimama juu yake. Mtumbwi mpya hujaribiwa karibu na pwani kabla ya kuingizwa bahari kuu, nao haujaribiwi kwa kusifiwa bali kwa kupakiwa mzigo. Mzigo wa shauri ni maswali. Mvua isiponyesha kama ilivyoandikwa, itakuwaje? Udongo ukiwa mgumu, karanga zitang'olewa kwa nini? Mashine zikiharibika, nani atazitengeneza, na vipuri vitafika lini? Bandari ikichelewa, reli italetwa kwa njia gani? Na swali la mwisho, ambalo lilipasa kuwa la kwanza: ardhi ikiwa njema hivyo, mbona watu wake ni wachache?

Njia ya kuyajibu ilikuwako. Lingelimwa shamba dogo kwa miaka miwili au mitatu, kosa lionekane likiwa bado dogo. Njia hiyo ilikataliwa kwa hoja kwamba njaa ya mafuta haingoji. Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Lakini mwenye haraka huisikia methali hiyo kama maneno ya mvivu.

Kazi ilianzia Kongwa, katika Ugogo, kwa sababu Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kutosha. Ilikusudiwa kwamba katika mwaka wa 1947 zifyekwe eka 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Matingatinga mengi yaliyonunuliwa yalikuwa yamekwisha tumika vitani, nayo yaliharibika upesi. Mvua ilikuwa haba, na jua liliukausha udongo wa mfinyanzi ukawa kama saruji, hata karanga zikakataa kutoka. Kila swali ambalo halikuulizwa mezani London liliulizwa na ardhi yenyewe, nayo ilidai jibu kwa fedha taslimu.

Nachingwea ilikuwa nchi yenye mvua bora kuliko Kongwa. Lakini huko mambo yalifungamana kama nyuzi za jamvi. Mashamba yalihitaji reli, reli ilihitaji bandari, na bandari ya maji marefu ilipangwa kujengwa Mtwara. Reli ya kutoka Mkwaya, penye hori ya Lindi, ilifika Nachingwea mwaka wa 1949. Likalazwa na bomba la kupeleka mafuta ya mashine. Lakini bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka wa 1954, wakati ambapo mpango uliokusudiwa kuitumia ulikuwa umekwisha kuzikwa. Hivyo ndivyo shauri moja likosalo kujaribiwa livutavyo mengine matatu nyuma yake.

Tena, ile nchi iliyoonekana tupu kutoka angani haikuwa tupu bila sababu. Vita vya Majimaji vya mwaka wa 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, viliua na kutawanya watu wengi wa Kusini. Waliobaki, Wamwera na majirani zao wa Chinongwe, Nachingwea na Ruangwa, waliijua ardhi yao kwa jembe la mkono. Walipanda mbegu mbalimbali pamoja katika konde moja, ili moja ikifa nyingine iokoe nyumba. Hilo lenyewe ni jaribio lililorudiwa vizazi vingi: ni shauri la mtu ajuaye kwamba mvua huweza kumdanganya. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote, na ndege haikutua ili kuiuliza. Yasemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, lakini hakumwamkia mwenyeji.

Katika zama hizi kimepatikana chombo kipya cha kupimia mashauri, nacho ni akili mnemba. Mwenye mpango aweza kuiambia mashine ijifanye mpinzani wake, itafute nyufa, ihesabu hasara kama bandari ikichelewa au mvua ikipungua nusu. Hapana shaka kwamba mashine kama hiyo, kama ingalikuwako mwaka wa 1946, ingaliona upesi jinsi reli na bandari zilivyotegemeana. Faida hiyo si ndogo. Lakini mashine hujua yale yaliyoandikwa, na yale ya Chinongwe hayakuandikwa. Jibu bora ambalo ingaliweza kulitoa juu ya udongo na mvua ni kukiri kwamba haijui, na kumtuma muulizaji kwa mwenye jembe. Na muulizaji atakaye kusifiwa ataweza kuigeuza mashine iwe mpiga zumari wake, kama ilivyogeuzwa ile taarifa ya wiki tisa.

Ardhi yenyewe haikukosa matumizi. Mashamba yaliyosalia yalipewa Shirika la Kilimo la Tanganyika mwaka wa 1955, na katika miaka ya 1960 Farm 17 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Leo wakulima wadogo wa Nachingwea na Ruangwa hupata fedha kwa korosho na ufuta, mazao ambayo hayakuwamo katika hesabu za London. Hawakuyapokea kwa amri ya siku moja: mtu alipanda kidogo, jirani akatazama, naye mwaka uliofuata akapanda. Mpango wa namna hiyo hauna waziri wa kuutangaza, lakini ukikosea, hasara yake ni konde moja.